Nimepewa 58 kwa 96: goti langu limepita au limeanguka?

SWALI: Daktari, pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mama wa miaka 59, nauza mitumba Kibuye tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi. Goti la kulia linanisumbua mwaka wa nne huu, na la kushoto limeanza kuiga. Mwezi uliopita nilienda kliniki, nikapigwa eksirei, nikaambiwa ni osteoathritisi, yaani gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa, limelika. Kisha kijana mmoja akachukua karatasi yenye maswali mengi akawa ananisomea mbiombio. Ukipanda ngazi je? Ukivaa soksi je? Ukiingia kwenye hodhi la kuogea je? Mimi sivai soksi, na hodhi nimeliona kwenye runinga. Mwishowe akaandika 12, 3, 43, akajumlisha 58 kwa 96, akasema nirudi baada ya wiki sita. Hakueleza kitu. Nikajiambia 58 si mbaya, ni alama ya katikati. Jirani yangu wa kibanda naye alipewa 35, nikamwambia pole, umeanguka. Sasa nataka kujua: goti langu limepita au limeanguka? Na mbona eksirei yangu ni daraja la 2 na ya jirani ni la 3, lakini ni mimi ninayelala nikigugumia? Siku hizi hata matanga siendi, natuma mchango kwa mkono wa wenzangu.
Mama wa mitumba, Kibuye

JIBU: Mama, mimi si daktari, ni mfiziotherapia. Kwa miaka 22 nimekuwa nikiyashika magoti ya watu, na jina la daktari huwa nalikataa kila wiki, linanirudia kila wiki. Nimezoea.

Kabla ya yote, rudi kwa jirani uichukue ile pole yako. Katika karatasi hiyo sifuri ndiyo afya, na 96 ndiyo taabu yote inayoweza kuandikwa. Jirani mwenye 35 ana nafuu kuliko wewe. Hakuna aliyepita wala kuanguka, lakini najua kosa hilo linatoka wapi: sote tulilelewa na ripoti za shule ambamo namba kubwa ilikuokoa na kiboko.

Jumla ya 96 ndiyo iliyonitambulisha karatasi yenyewe. Inaitwa WOMAC, jina lililokatwa kutoka vyuo vikuu viwili vya Kanada, Western Ontario na McMaster, na imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1980. Ina maswali 24. Matano yanauliza maumivu, mawili yanauliza ugumu wa kiungo, na 17 yaliyobaki yanauliza shughuli za kila siku: kuinuka kitini, kuinama, kwenda dukani, kutoka kitandani. Kila jibu hupewa 0 hadi 4. Ndiyo maana yule kijana aliandika namba tatu kabla ya kujumlisha. Una maumivu 12 kwa 20, ugumu 3 kwa 8, na shughuli 43 kwa 68.

Mimi ningekaa na hizo tatu nikaiacha ile jumla. Ugumu wako ni mdogo. Hiyo inaendana na ugonjwa huu, kwa sababu mwenye osteoathritisi akiamka asubuhi goti hukaza kidogo, na kwa kawaida halifiki nusu saa kabla ya kulainika. Ungeniambia kwamba linakaza saa nzima, na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, ningekurudisha kliniki leo hii, maana huo huenda ni ugonjwa mwingine wa viungo wenye dawa zake. Kwako wewe tatizo limelala kwenye ile 43. Goti linakunyima kazi.

Sasa hilo hodhi. Hapo nina deni langu la kukiri.

Miaka yangu ya mwanzo nilifanya kazi upande wa Ahero. Akaja bibi mmoja, mkulima wa mpunga, magoti yamepinda kama upinde. Nikamsomea karatasi hiyo hiyo. Kuingia na kutoka kwenye hodhi? Akasema halimsumbui. Bila shaka halimsumbui, hana hodhi! Nikaandika sifuri. Kuvaa soksi? Sifuri. Kuvua soksi? Sifuri. Kuingia na kutoka kwenye gari? Akasema yeye hutembea kwa miguu. Sifuri. Kukaa chooni na kuinuka? Aliangalia pembeni akasema ni sawa, maana nani atamwambia kijana wa kiume, mbele ya foleni, habari za choo? Akatoka kwangu na 29. Nikamweka nyuma kwenye orodha yangu ya mazoezi, nikijiona nimetenda haki kwa kufuata namba.

Miezi miwili baadaye binti yake alikuja peke yake. Aliniambia kwamba mama yake ameacha kula chakula cha jioni, na maji hayanywi baada ya saa kumi, ili asilazimike kwenda choo cha shimo usiku. Akichuchumaa hawezi kuinuka. Wiki iliyotangulia alikuwa amekaa humo gizani akingoja mtu apite.

Karatasi yangu ilikuwa na swali la choo, Mama, lakini ni la choo cha kukalia, kile cheupe chenye kifuniko. Cha kuchuchumaa ni jambo jingine kabisa kwa goti: lazima likunjwe hadi mwisho na uzito wote ulale juu yake. Tangu siku ile swali ambalo halimhusu mtu siliandiki sifuri, naliacha wazi. Kanuni ya karatasi yenyewe inaruhusu swali moja moja kuachwa. Wala sikati maswali ya watu nikapachika ya kwangu, kwa sababu namba zangu hazitalingana tena na za mtu yeyote. Hufanya hivi: nageuza karatasi, na nyuma yake naandika mambo matatu ambayo mgonjwa mwenyewe ameyachagua.

Si ubunifu wangu. Ni kipimo kilichochapishwa mwaka 1995, na uzuri wake ni kwamba hakina maswali ya mtu mwingine. Unataja shughuli tatu hadi tano ambazo goti limekuharibia, kisha kila moja unaipa alama 0 hadi 10. Hapa namba inageuka, kwa hiyo sikiliza vizuri: 0 ni siwezi kabisa, 10 ni naweza kama zamani. Kwako wewe ningedhani ni kuinuka kutoka kwenye kigoda baada ya kuchambua nguo, kuinua furushi jioni, na kupanda ngazi ya matatu, ile ya kwanza iliyo juu. Lakini nadhani tu. Andika zako. Kama mojawapo ni choo, kiandike bila haya, mimi nimekwisha kujifunza. Baada ya wiki sita jipe alama tena bila kuchungulia zile za kwanza. Wastani ukipanda kwa alama 2 au zaidi, hapo kuna mabadiliko ya kweli. Nusu alama ni hali ya hewa.

Na ile 58 ni ya kulinganishwa na wewe mwenyewe, si na jirani. Ukirudi, omba usomewe polepole na ujibu kuhusu goti lile lile la kulia. Na umwambie kijana wa watu kama umemeza dawa ya maumivu kabla ya kwenda. Nawajua watu wa soko: vidonge viwili vya diklofenaki vya asubuhi, na goti linajibu maswali kama la msichana. Namba hiyo itakuwa imepima kidonge. (Kama unavimeza kila siku bila mtu kukuangalia, punguza mwendo. Vinaweza kutoboa tumbo, vinapandisha shinikizo la damu na kuchosha figo, na muuza dawa hatakukumbusha.)

Kuhusu eksirei, madaraja hayo ya 0 hadi 4 yalipangwa na Kellgren na Lawrence mwaka 1957, na bado tunayatumia. Picha inaonyesha mfupa: nafasi iliyopungua kati ya mifupa, na vijipembe vilivyoota ukingoni. Gegedu lenyewe halionekani kwenye eksirei, na wala si gegedu linalouma, kwa kuwa halina neva. Uchungu unatoka kwenye utando wa ndani wa goti, kwenye mfupa ulio chini ya gegedu, kwenye misuli ya paja iliyonyauka, na unakuzwa na usingizi mbovu na mawazo. Ndiyo maana daraja la 3 la jirani linaweza kwenda Oile, katikati ya mji, na kurudi, na daraja lako la 2 likakulaza ukigugumia. Sijawahi kuona picha inayojua mtu anafanya kazi gani.

Nimebakiza jambo ulilolitupa mwishoni mwa barua kana kwamba si kitu: matanga. WOMAC haina swali la huzuni. Waliotaka kujua ubora wa maisha walitengeneza karatasi nyingine, na mojawapo fupi ni EQ-5D, yenye maswali matano tu: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kisha unaonyeshwa mstari kama kipimajoto, kutoka 0 hadi 100, uweke alama ya afya yako leo. Nimeona watu wakijibu manne ya kwanza kwa ujasiri na kunyamaza kwenye la tano. Sisi wa huku magharibi, mtu asiyefika matangani watu humuuliza kama kuna ugomvi. Kukaa nyumbani na kutuma bahasha kunakutoa kwenye hesabu ya watu. Ukirudi kliniki liseme hilo kwa maneno yako, hata kama karatasi haiulizi. Na wakati huo huo, mwambie mwenzako akuhifadhie kiti cha plastiki chenye mikono, ukae pembeni, uende.

Ya kufanya kesho asubuhi: ondoa kigoda, tafuta kiti kirefu ambacho ukikaa goti liko chini kidogo ya nyonga. Mpe fundi wa mbao hapo Kibuye kazi ya kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo. Ni mbao chache na misumari. Fimbo ushike mkono wa kushoto kwa goti la kulia. Wengi hushika upande unaouma, wanajiongezea kazi. Kaa kitini, nyosha goti, hesabu hadi tano, shusha, mara kumi, kila mguu, kila siku mteja akichelewa. Kuhusu uzito sikusemi kitu ila hesabu hii: kilo 1 ikitoka mwilini, goti linapunguziwa mzigo wa karibu kilo 4 katika kila hatua. Na kutoka kibandani kwako hadi stejini ni hatua ngapi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mzee wa Bondeni, Nakuru, miaka 66. Hospitalini nilipewa fomu ya goti niijaze mwenyewe. Ukurasa mmoja ulikuwa na kichwa cha michezo na burudani. Nikauruka, maana tangu niache mpira ni miaka arobaini. Mhudumu alinikasirikia akasema nimeharibu fomu. Je, ni lazima mzee ajibu mambo ya michezo? Shida yangu mimi ni sujudu tu, siku hizi naswali kitini na moyo haukubali.
Mzee wa Bondeni

JIBU: Mzee wangu, hujaharibu kitu. Aliyeiharibu fomu ni aliyeweka kichwa hicho. Hiyo ni KOOS, ilitoka mwaka 1998, ina maswali 42, na mimi naipenda kwa mengi. Lakini tazama ilichoweka chini ya michezo: kuchuchumaa, kukimbia, kuruka, kugeuka kwa kukanyagia goti, na kupiga magoti. Walioiandika waliishi mahali ambapo mtu hupiga magoti akicheza. Hapa kwetu kupiga magoti ni sala, ni kupalilia, ni kuosha sakafu. Kwa hiyo umeruka ukurasa uliobeba shida yako yote.

Rudi ukajaze maswali mawili, la kuchuchumaa na la kupiga magoti, na uandike pembeni neno sujudu. Ukiwa hapo usipite haraka yale manne ya mwisho, ya ubora wa maisha: ni mara ngapi unalikumbuka goti lako, umebadilisha maisha kiasi gani ili usiliumize, umekosa kuliamini kiasi gani, na kwa jumla linakutaabisha vipi. Ulichoniandikia kuhusu moyo kutokubali ni jibu la swali la pili. Kumbuka tu kwamba katika KOOS 100 ndiyo afya na 0 ndiyo taabu, kinyume cha ile ya Mama wa Kibuye hapo juu. Mwaka wa kwanza nilizichanganya hizi mbili mbele ya mkubwa wangu, na sijasahau sura yake.

Hukumu ya kuswali kitini muulize imamu wako. Mimi nitasema la goti: wengi waliokwisha kukata tamaa ya kushuka chini hurudi wakiwa na mto mnene chini ya magoti na kiti imara kando cha kushikilia wakati wa kuinuka, baada ya miezi miwili mitatu ya kuimarisha mapaja. Si wote. Anza na mto.

SWALI: Habari ya kazi. Baba yetu ana miaka 72, ana shamba dogo la mahindi na ng'ombe wawili upande wa Bahati. Tunaona anachechemea, na ameacha kwenda kanisani akisema njia ina matope, hata kiangazi. Tukimuuliza anasema niko sawa. Tulimpeleka kliniki, akajibu maswali yote kwamba hana shida, tukaambiwa tumrudishe nyumbani. Tufanyeje na mtu ambaye hasemi?
Kijana wa Bahati

JIBU: Mdogo wangu, baba yako si mwongo. Ameyapunguza maisha yake hadi yakatosha goti lake, na ndani ya maisha hayo madogo kweli yuko sawa. Kwenye kisima cha mbali haendi, kwa hiyo hakimuumizi. Maswali hayawezi kumnasa mtu wa namna hiyo, ndiyo sababu mwaka 2013 wataalamu wa ugonjwa huu walikubaliana kwamba pamoja na kumuuliza mgonjwa, mtu atazamwe akifanya. Walitaja majaribio matano: kuinuka kitini kwa sekunde 30, kutembea haraka mita 40, kupanda ngazi, kuinuka na kutembea mita 3 na kurudi kukaa, na kutembea dakika 6.

La kitini mnaweza kulifanya nyumbani. Tafuta kiti kigumu kisicho na mikono, kama sentimita 43 kutoka chini, si kochi. Kiegemeze ukutani kisiteleze. Mzee akae, nyayo zote sakafuni, mikono apishanishe kifuani. Mtu asimame karibu naye asije akayumba. Ukisema "haya!", ainuke wima na kukaa tena, mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30, na nyinyi mhesabu mara alizosimama wima. Akilazimika kusukuma mapaja kwa mikono, hesabu ni sifuri. Kwa mwanamume wa miaka 70 hadi 74, chini ya 12 huhesabiwa kuwa chini ya kawaida. Kipimo hicho kilitokana na wazee wa Marekani, na nimeona wakulima wa huku wa umri huo wakifika 15 bila kuhema, kwa hiyo akipata 8 msijidanganye. Akilalamika kwa maumivu makali au kizunguzungu, acheni.

Usimwambie ni kipimo cha goti, atakataa. Ngoja Jumapili wajukuu wakiwepo, waanze wao, mmoja ashike simu ya kuhesabu sekunde. Wazee wa Bahati ninaowajua hawawezi kukaa wakitazama watoto wakishindana. Akimaliza usiseme lolote. Andika namba na tarehe nyuma ya kalenda ya ukutani, rudieni baada ya mwezi, kisha chukua kalenda hiyo uende nayo kliniki. Na kama goti litakuwa limevimba na lina joto, au ana homa, au hawezi kabisa kulikanyagia, usingoje Jumapili yoyote. Mpeleke siku hiyo hiyo.